Utafiti wa Kathy Kram juu ya ulezi kazini: unawezekana katika ofisi za Unguja na Pemba?

Mwanagenzi_Tunguu

Asalaam alaykum wote.

Natayarisha pendekezo la utafiti la shahada ya uzamili, fani ya usimamizi wa rasilimali watu. Nataka kuchunguza uhusiano baina ya mtumishi mkongwe na mtumishi mchanga: nani anamlea nani kazini, anamsaidia kwa lipi, na mambo huishia wapi mmoja wao akihamishwa au akipanda cheo. Msimamizi wangu amenielekeza kwenye kazi za Profesa Kathy Kram, mstaafu wa Chuo Kikuu cha Boston. Makala yake ya 1983 juu ya hatua nne za ulezi nimeisoma na nimeipenda. Lakini wenzangu karibu wote wanatumia dodoso la LMX-7 (maswali saba ya kupima uhusiano wa kiongozi na aliye chini yake), watu 200, kisha wanaingiza kwenye kompyuta na kutoa majedwali.

Naomba msaada. Kram aliifikiaje kazi hii, na hasa alifanya nini hatua kwa hatua? Inafaa ofisi za serikali hapa kwetu, au nende hoteli za Nungwi na Kiwengwa? Na watu wangapi wanatosha? Nina miezi saba tangu kupata kibali hadi kukabidhi tasnifu.

Maalim_BeitelRas

Waalaykum salaam. Mada nzuri hii, na nafurahi kuona mtu anataka kuifanya kwa kusikiliza watu.

Kram alisoma MIT, kisha akachukua udaktari Yale, akamaliza 1980. Miaka hiyo hapo Yale alikuwapo Daniel Levinson, ambaye 1978 alichapisha utafiti wake wa maisha ya wanaume 40 wa umri wa miaka 35 hadi 45. Levinson alionesha kuwa kijana anayeanza kazi hupata nguvu kubwa akiwa na mtu mzima wa kumshika mkono, ila habari aliisikia kwa upande wa yule aliyeshikwa. Kram akataka kujua pande zote mbili: mlezi naye anapata nini, na uhusiano wenyewe huzaliwa, hukua na kubadilika vipi. Ukishika hilo umeishika mbinu yake yote. Anachokichunguza ni jozi.

Alichukua kampuni moja kubwa ya huduma za umma kaskazini mashariki mwa Marekani, akapata jozi 18. Alianza kwa mameneja vijana wa miaka 25 hadi 35, akawaacha wasimulie safari yao ya kazi, na humo ndani ndimo wakubwa waliowafaa walipojitokeza. Baadaye akaenda kwa hao wakubwa. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanakwenda kwa mkuu wa ofisi na kumwomba awape majina ya jozi. Mkuu atakupa zile zinazompendeza, na utaandika tasnifu ya sifa.

Alichokiona ni hatua nne. Kuanza, miezi 6 hadi 12. Kukua, miaka 2 hadi 5, ambapo msaada huwa mwingi zaidi. Kutengana, miezi 6 hadi miaka 2, kwa sababu ya mabadiliko ya kazi au kwa sababu mmoja amekua na hataki tena kuongozwa. Kisha uhusiano kuumbwa upya, mara nyingi kama urafiki wa watu walio sawa. Msaada wenyewe aliugawa mafungu mawili. Fungu la cheo lina mambo matano: kumpigia mtu debe, kumpa nafasi ya kuonekana, kumfundisha mbinu, kumkinga na kumpa kazi nzito za kumkomaza. Fungu la moyo lina manne: kuwa mfano, kumkubali, kumshauri na urafiki.

Kuhusu ofisi au hoteli, mimi nasema ofisi, kwa sababu ya uhamisho wa Unguja na Pemba. Kram alitengeneza hatua ya kutengana kutokana na watu waliohamia idara nyengine za kampuni ile ile, na sisi tunayo hali kama hiyo, tena kali zaidi: mlezi anabaki Vuga, kijana anapelekwa Wete, baina yao ni bahari. Je, ulezi hufa, hubaki kwenye simu, au kijana hupata mlezi mwengine huko? Swali hilo lina uzito wa kutosha kubeba tasnifu nzima. Chagua watumishi waliohamishwa miezi 6 hadi 24 iliyopita. Wa chini ya hapo bado hajajua nini kimekatika. Wa zaidi ya hapo amekwisha kuipanga hadithi yake ikawa laini, na tarehe anazikosea.

Jambo la kuongeza kwa ufupi: 1985 Kram na Lynn Isabella walichunguza jozi 25 za watu wa daraja moja, wakaona aina tatu: mwenzio wa kupeana habari tu, mwenzio wa kazi anayekupa pia maoni ya kweli, na yule wa karibu kabisa. Usiwaache hawa nje ya maswali yako. Katika ofisi ambayo wakubwa wanastaafu kwa mkupuo, vijana hulelewa na wenzao.

Takwimu_Mkoani

Maalim amesema vyema, ila dodoso lisidharauliwe. Tatizo ni kulitumia ovyo.

LMX inatokana na kazi ya George Graen na wenzake, tangu 1975, waliosema kiongozi hana uhusiano wa namna moja na walio chini yake wote. Wengine huwaweka karibu, wengine mbali. LMX-7 tunayoijua imetolewa na Graen na Mary Uhl-Bien 1995. Maswali 7, kila moja alama 1 hadi 5, jumla 7 hadi 35. Alama 30 hadi 35 ni uhusiano wa juu sana, 25 hadi 29 juu, 20 hadi 24 wastani, 15 hadi 19 chini, na 14 kushuka ni chini sana.

Kosa la kwanza ninaloliona kwenye tasnifu: majibu ya LMX-7 hayafanani swali kwa swali. Moja linauliza ni mara ngapi, jengine kwa kiasi gani, na moja tu ndilo la kukubali au kutokubali. Watu hubadilisha yote yakawa "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa", halafu wanatumia mipaka ile ile ya alama. Ukibadilisha majibu, mipaka hiyo huna haki nayo tena.

La pili, LMX inapima uhusiano na msimamizi wa moja kwa moja. Mlezi wa Kram aghalabu si bosi wako. Anaweza kuwa mhasibu mkongwe wa chumba cha pili. Kwa hiyo LMX-7 haiwezi kujibu swali lako, hata ukigawa madodoso 500.

La tatu, pande mbili hazioni sawa. Charlotte Gerstner na David Day walikusanya tafiti nyingi 1997, wakakuta uwiano baina ya jibu la kiongozi na jibu la mfuasi ni 0.29 tu (1 ndio kulingana kabisa), na 0.37 baada ya kurekebisha makosa ya vipimo. Ukiuliza upande mmoja, umepata nusu ya habari na huijui nusu ipi.

La nne ndilo linalowaangusha wengi kwenye utetezi. Watu 200 walio chini ya wasimamizi 25, wanane kila mmoja, si watu 200 waliojitenga. Wanaofanya kazi chini ya mtu mmoja hufanana majibu. Chukua mfanano wa 0.10 (0 ni kutofanana kabisa, 1 ni kufanana kabisa), ambao si mkubwa: 1 + (8 − 1) × 0.10 = 1.7. Gawa 200 kwa 1.7, unabaki na watu kama 118 kwa nguvu ya hesabu. Ukiyachambua kana kwamba ni 200, utatangaza tofauti ambazo hazipo. Hivyo andika namba ya siri ya msimamizi kwenye kila dodoso tangu mwanzo. Ukisahau, baadaye hakuna njia ya kuipata.

Kama lazima uwe na namba, tumia kipimo cha Belle Rose Ragins na Dean McFarlin cha 1990: kauli 33, majukumu 11 ya mlezi, kauli tatu kwa kila jukumu. Kimejengwa juu ya yale tisa ya Kram pamoja na mawili ya ziada, moja likiwa la mlezi kuwa kama mzazi. Kwetu hilo la mzazi usiliache kabisa.

Tafsiri: watu wawili watafsiri kila mmoja peke yake, wakae pamoja wapatanishe, wa tatu ambaye hajaona asili arudishe kwenye Kiingereza, kisha watu 10 wasome kwa sauti mbele yako na kueleza walivyofahamu kila kauli. Na madodoso yasikusanywe na katibu muhtasi wa mkuu. Bahasha igundishwe na mjazaji mwenyewe, uichukue kwa mkono wako. Ukiona ofisi nzima imeweka 5 juu ya 5, ujue wamehisi karatasi itasomwa.

Bi_Mtoni

Mwanangu, kuna sehemu ya Kram ambayo wanafunzi wengi huiruka, nayo ndiyo yenye faida kubwa kwa hapa petu: ulezi baina ya mwanamme na mwanamke. Katika kitabu chake cha 1985 alitaja matatizo matano. Watu hujikuta wanaigiza majukumu ya kike na ya kiume waliyoyazoea. Mkubwa hawezi kuwa mfano kamili kwa mtu wa jinsia nyengine. Kuna wasiwasi juu ya ukaribu wenyewe. Kuna macho ya watu. Na kuna chuki ya wenzake yule anayelelewa.

Hayo ya macho ya watu, kwa Zanzibar, yanaamua mambo mengi kabla ya ulezi kuanza. Wakubwa wanaume humwepuka mtumishi wa kike mwenye kipaji kwa kulinda heshima ya huyo mtumishi na yao wenyewe, na hasara inamwangukia yule msichana, ambaye hapati kazi nzito wala hatajwi kwenye vikao. Hilo ni jambo zito na linastahili kuandikwa kwa uwazi. Kwa hiyo usichukue jozi ovyo. Panga mapema: mlezi mwanamke na kijana mwanamke, mwanamme na mwanamme, na zile mchanganyiko kwa njia zote mbili. Ukikosa kabisa jozi za mchanganyiko, andika ulizitafuta wapi na vipi ukazikosa. Ukosefu huo ni matokeo ya utafiti.

Usimuulize mtu "watu wanasema nini juu yenu?" Atafunga mdomo na hatafungua tena. Uliza mambo yanayoshikika: mkiwa na ripoti ya pamoja mnakaa chumba gani, nani mwengine huwepo, simu mnapigiana mpaka saa ngapi, safari ya kazi ya Pemba mnakwenda na nani. Majibu hayo yatakueleza mipaka yote bila ya kumvunjia mtu heshima.

Mahojiano na wanawake, tafuta mwanamke akusaidie kama wewe ni mwanamme, au fanyeni penye mlango wazi ambapo mnaonekana na hamsikiki. Ofisini kwa mkuu hapafai, barazani hapafai. Chumba cha mikutano baada ya adhuhuri ni pazuri. Mwezi wa Ramadhani saa za kazi hupungua na watu wamechoka, basi utumie kuandika maandishi ya sauti ulizokwisha kurikodi. Ijumaa usimpangie mtu baada ya saa tano asubuhi.

Mwanagenzi_Tunguu

Ahsanteni sana, shikamoo Bi Mtoni na Maalim. Nimeamua: ofisi za serikali, waliohamishwa baina ya Unguja na Pemba, mahojiano ya jozi. Yamebaki matatu. Mlezi akiwa ni jamaa wa damu au mkwe, namhesabu vipi? Kibali cha Pemba kinakwendaje? Na miezi saba inatosha jozi ngapi?

Chake_Utumishi

Kibali kwanza, maana kinakula wakati. Barua ya chuo inakwenda kuombea kibali cha utafiti cha Serikali. Ukishakipata, unaandika kwa Katibu Mkuu wa wizara unayoitaka, ukiambatanisha kibali, muhtasari wa kurasa mbili na fomu ya ridhaa. Kwa Pemba, omba barua hiyo inakiliwe kwa Afisa Mdhamini wa wizara hiyo, halafu ukifika Chake uende ukajitambulishe kwake mwenyewe kabla ya kuonana na mtumishi yeyote. Anayeruka hatua hii anakuta milango imefungwa na hakuna anayemwambia kwa nini. Mweleze wazi kuwa hutampa majina ya waliohojiwa, umwambie siku hiyo ya mwanzo. Akiuliza baadaye, na watu wameshazungumza, itaonekana unamficha jambo.

Taja wizara zaidi ya moja kwenye maombi. Waliohamishwa ndani ya miezi 6 hadi 24 katika wizara moja wanaweza kuwa wachache, na kurudi kuomba upya ni wiki nyengine.

Kuhusu jamaa: usiwatoe. Monica Higgins na Kram, 2001, waliandika kwamba mtu halelewi na mmoja, ana mtandao wa watu wanaomsaidia, na mtandao huo unapimwa kwa mambo mawili: nguvu ya uhusiano, na utofauti wa watu waliomo. Kutoka hapo wakapata aina nne za mitandao. Muombe kila kijana ataje watu hadi watano, ndani au nje ya ofisi, waliomfaa katika kazi kwa mwaka uliopita. Kwa kila mmoja andika ametoka wapi (ofisi, chuo, ukoo, msikiti, mtaa), ukaribu 1 hadi 5, wanazungumza kila baada ya muda gani, na msaada upi kati ya yale tisa. Mtu mmoja akiwa ni mjomba na pia mkuu wa kitengo, jaza safu zote mbili. Ukimlazimisha achague moja, umepoteza kitu muhimu kuliko vyote.

Kisha uliza nani anamjua nani kati ya hao watano. Miunganiko inayowezekana ni 10. Ikiwa 9 ipo, msongamano ni 0.9, na habari zinazomfikia kijana huyo zinazunguka mle mle. Kwa Pemba tegemea namba za juu. Ndiyo maana mtu mmoja wa nje, labda mwalimu wake wa chuo, huweza kumfaa kuliko jamaa wanne. Angalia kama uhamisho umeongeza watu wapya au umemwacha na wale wale.

Maalim_BeitelRas

Hesabu ya muda sasa. Jozi 8, yaani watu 16. Vijana 8 uwahoji mara mbili: mara ya kwanza safari ya kazi, ya pili uhusiano wenyewe. Wakubwa 8 mara moja. Hizo ni rikodi 24 za takriban saa moja. Saa moja ya sauti huchukua saa 4 hadi 6 kuiandika, tuseme 5, inakuwa saa 120. Ukiandika saa 5 kwa siku ni siku 24 za kazi, ukiwa huna homa na umeme haujakatika. Jozi 8 zinawezekana. Jozi 12 zitakula miezi ya uchambuzi, na tasnifu itakuwa nukuu ndefu zisizofasiriwa. Anza na vijana 12 ili ubaki na jozi 8, maana wengine hawatataka mkubwa wao aguswe.

Ridhaa hiyo ni ya mara mbili. Kijana akubali kuzungumza, na baada ya mahojiano ya kwanza akubali, kwa maandishi, umwendee mkubwa wake. Akikataa, hapo hapo basi, bila ya kuuliza sababu. Na usibebe neno la mmoja kwa mwengine hata kwa kulihakikisha.

Mahojiano ya kwanza yafanye kwa karatasi kubwa. Kata mstari katikati, miaka chini, kijana aweke ajira, vyeo, uhamisho, masomo. Halafu uliza: "Siku za mwanzo nani alikuonesha kazi inavyokwenda? Nani alikutaja kwenye kikao wewe hupo? Ulipopata barua ya uhamisho ulimwambia nani kwanza?" Majina hutoka yenyewe. Ukiuliza "mlezi wako ni nani?" atakutajia mkurugenzi kwa adabu.

Uchambuzi, anza na yale tisa ya Kram kama mafungu, ila acha nafasi ya yasiyoingia. Mambo kama mkubwa kwenda kumsemea kijana kwa wazee wake, au kumtafutia nyumba ya kupanga Chake, Kram hakuyakuta kwenye kampuni yake, na hayo ndiyo mchango wako. Mpe mwenzio maandishi 5 kati ya 24 ayapange mafungu bila ya kuona yako. Kappa, yaani kipimo cha namna mlivyokubaliana nyinyi wawili, ikiwa chini ya 0.6, maelezo ya mafungu yako hayajakaa sawa, yaandike upya kabla ya kuendelea.

Hatari kubwa ni siri. Mtu wa nje hatamtambua aliyehojiwa, lakini mwenzake wa jozi atamtambua kwa sentensi moja. Kwa hiyo usiandike jozi moja kama kisa kizima ukurasa hadi ukurasa. Panga matokeo kwa hatua za uhusiano, nukuu za vijana sehemu moja na za wakubwa sehemu nyengine, kwa namba zisizolingana: kijana namba 3 asiwe wa mkubwa namba 3. Ondoa wizara, wilaya na mwaka kamili wa uhamisho. "Mkuu wa kitengo mwanamke, Pemba" katika wizara yenye wakuu wa vitengo wanawake wawili ni sawa na kuandika jina. Kila mtu mpelekee nukuu zake mwenyewe kabla ya kukabidhi, umpe wiki moja.

Hoteli ziache kwa mwengine. Mikataba mingi ni ya msimu, masika ya Aprili na Mei baadhi hufunga au hupunguza watu, na hatua ya kukua ya miaka 2 hadi 5 haipati pa kusimama. Anayetaka hoteli amsome Jane Dutton, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Michigan, ambaye na Emily Heaphy waliandika 2003 juu ya mahusiano mazuri ya muda mfupi: mtu anahisi ana uhai zaidi, anathaminiwa, na wote wawili wanashiriki. Hilo unaweza kulitazama baina ya mpishi na mhudumu ndani ya zamu moja ya chakula cha usiku.

Takwimu_Mkoani

Nyongeza ndogo kwa Mwanagenzi: simu ya kurikodi iweke kwenye hali ya ndege, maana simu ikiingia katikati, baadhi ya programu hukata sauti na huoni mpaka ufike nyumbani. Faili lipe namba, sio jina, siku ile ile. Orodha inayounganisha namba na majina iandike kwenye daftari linalobaki Unguja, usisafiri nalo Pemba.